Mukono Yenye Inaharibu Sabuni

— Hapana, Neema. Mungu hana kazi ya kuumba mukono ya mutu juu iharibu sabuni. Ile wakati angeitoa wapi, na barabara ya Panzi vile iko na mashimo, inamungoja?

Hakucheka. Alikuwa amekaa ku kitanda yangu, juu kiti niko nayo moja tu na niliiwekea nguo. Kitambaa ya chorale ya kanisa ilikuwa ingali ku bega yake. Ilikuwa siku ya yenga, jumapili, kisha misa kwisha. Yeye njo mutu wa kwanza kupiga hodi ku mulango yangu tangu niliacha kazi ku atelier ya sabuni. Nilikimbia kufungua mupaka nikagonga kidole ku mbabula, jiko yangu ya makala.

— Yaya Nsimire, dada yangu, si mara moja, akasema. Kila siku nakoroga, inashika mbio, naimwanga mu kisanduku. Mangaribi tunafunua: maji ya soude chini, mafuta juu, kama maziwa yenye imekatika. Maman Cibalonza anasema mukono yangu iko kama ya we. Amenipa mupaka mercredi, siku tatu tu. Nikiharibu tena, ananituma mu chumba ya kukausha.

— Na Maman Faida?

— Maman Faida ananisalimia na kiwiko.

Ile kiwiko naijua. Niliipokea miaka yangu yote ya kazi.

Nilimuambia tena hapana, asiamini, hakuna mukono ya vile. Akaniuliza: basi ni nini? Alienda na kichwa chini, na mi nikabaki na ile hapana yangu kama mutu mwenye anashika mufuniko na hajue sufuria iko wapi. Njo maana nakamata bic na karatasi. Naandikia Neema, na bale bote benye batakuja nyuma yake ku ile kazi. Nitasema vile mambo ilipita, tangu mwanzo, bila kuzunguka sana, juu mi sinaka uvumilivu ya kuzunguka.

Batu banacheka nikisema niko mu retraite, nimestaafu. Mama yangu kule Mumosho aliniuliza ku simu: retraite gani, na hata mvi moja hauna? Lakini retraite si nywele. Docteur wa centre de santé alinisikiliza kifua, akaondoa ile kitu yake mu masikio, akasema: "Sabuni ao mapafu, chagua." Nikachagua mapafu. Ku atelier balinipa chupa moja ya sucré ya kunywa na katoni ya sabuni. Mutu wa sabuni akienda mu retraite anapewa sabuni. Namushukuru Mungu sikufanya kazi kwa fundi wa majeneza.

Siku ya kwanza nilifika na diplôme yangu mu farde ya karatasi, nilikuwa nimeipiga pasi, kweli, na kitambaa juu. Maman Cibalonza, mwenye atelier, hakuiangalia. Aliangalia miguu yangu.

— Sandale? Mu nyumba ya soude?

Akaniletea bottes, viatu murefu, ya marehemu bwana yake. Mguu yangu ilikuwa inatembea peke yake mule ndani. Kisha akanisimamisha mbele ya ndoo na ya soude, ile magadi kali yenye inaunguza ngozi, akasema:

— Soude mu maji. Maji mu soude, hapana. Rudilia.

— Soude mu maji. Maji mu soude, hapana.

— Tena.

Nilirudilia kama mutoto wa katekisimu. Nikauliza juu ya nini. Akapandisha mukono ya nguo, akanionyesha kovu ya kung'aa toka ku kiwiko mupaka ku kiganja.

— Juu ya hii. Siku moja nilikuwa na haraka. Na we naona uko na haraka mu macho.

Hakukosea. Niko mutu wa haraka. Nakunywa chai ikingali inaunguza, nasoma kitabu na kuanza mwisho.

Atelier ilikuwa nyumba ya mbao, na ukuta moja ya mabati, nyuma ya nyumba yake, na kiwanja ndogo, na tanki ya maji ya mvua. Maji ya ziwa hakuitaka, alisema inafanya sabuni ikuwe muvivu, haitoe povu. Vyombo yetu haikuwa mingi: ndoo ya plastiki, mwiko murefu ya mbao, visanduku ya kumwangia, waya ya kukata, na kopo ya tomate ya kupimia soude. Aluminium hapana. Maman Faida alijaribu mara moja kukoroga mu sufuria ya aluminium juu ndoo ilipasuka. Ilianza kupiga kelele ssss na kutoa moshi, sufuria ikakuwa nyeusi, na yeye akatoka inje anaita Bikira Maria na majina yake yote. Maman Faida ni mukubwa wa pili wa kazi, nyuma ya Maman Cibalonza, mutu wa kuchekesha sana, na ulimi yake haina mulango.

Sabuni yetu ilikuwa "sabuni bila moto." Maman Cibalonza alijivuna na ile neno. Bengine banapika sabuni mu mapipa, kuni, moshi, macho mekundu. Sisi tunachanganya mawese, mafuta ya mbegu ya ngazi, ile tunda ya muchikichi, na maji ya soude, tunakoroga mupaka inashika, tunaimwanga, na inajipika yenyewe mu kisanduku. "Moto ni ya bugali," alisemaka. Hakukuwa hata mbabula moja mu kiwanja. Chai tulikunywa ya termosi.

Na jambo ya kushika, niieleze kwa mwenye hajue. Unakoroga, unapandisha mwiko, unaacha itone juu ya ndoo. Mwanzo matone inaingia tu na kupotea. Wakati sabuni imeshika, tone linaandika mustari juu na mustari inabaki. Pale njo unaimwanga. Ukiimwanga mbele ya wakati, inakatika. Hakuna kitu kingine cha kuangalia, tuliambiwa. Mustari tu.

Funguo ya atelier inakaaka na mudogo wa kazi. Mudogo ilikuwa mi. Maman Cibalonza na Maman Faida banaenda ku misa ya asubuhi kila siku. Mi ni muprotestanti, sisi tunasali yenga. Basi kazi ilikuwa vile: mi nafungua kukingali baridi, nachukua soude yenye tulichanganya jana mangaribi na kuacha ilale na kupoa, nachukua bido, dumu ya mawese yenye ililala ku ukuta ya mabati, nakoroga ndoo ya asubuhi. Bo banarudi toka misa, banakunywa chai, banakoroga ndoo ya pili.

Asubuhi yangu ya kwanza peke yangu, ile ndoo ilishika mbio sana. Mbele hata mukono ichoke. Mustari safi, imesimama! Nilijisikia mutu. Nilimwanga, nikafunika, nikangoja bo barudi nikiwa nimesimama mikono ku kiuno kama mwenye nyumba.

— Umekwisha? Maman Faida akashangaa. Sisi tunatumia nguvu mupaka nyonga inalia, we umekwisha?

— Nimekwisha, Maman.

— Iii! Huyu mutoto anakula nini?

Ile ilikuwa asubuhi. Mangaribi tulifunua kisanduku na hakukuwa sabuni. Chini maji ya soude, juu mafuta ya kuganda, katikati kitu kama bugali yenye mutu alisahau. Hakuna mwenye alicheka. Maman Cibalonza aliangalia kisanduku, kisha mikono yangu, moja moja, mbele na nyuma, kama mutu anachagua ndizi ku soko.

— Tutaona kesho, akasema.

Sasa niseme desturi. Mama ya Maman Cibalonza alikuwa mutengenezaji wa kasiksi kule kwao Walungu. Ile pombe ya ndizi kila mutu haikamuake. Kuko mutu mwenye mukono muzuri, akikamua, pombe inakuwa tamu. Na kuko mutu mwenye akiigusa, inakuwa siki. Mwenye aliharibu, siku ile habamupe mukono, juu asiambukize bengine. Banamusalimia na kiwiko, na anakaa ku kizingiti mupaka pombe nyingine itoke muzuri. Maman Cibalonza alitoka Walungu, akaacha ndizi, akakamata mawese, lakini ile sheria aliibeba nayo. Mwenye aliharibu sabuni anakaa ku kizingiti.

Kwa mutu wa inje inaweza kuonekana kitu ndogo. Lakini ninyi munajua vile sisi tunasalimiana hapa. Unaingia mu nyumba, unapeana mukono na bote, hata mutoto mwenye analala unamugusa. Kukaa siku nzima bila mutu kukupa mukono, na kesho tena, na kesho tena, ni kama kuwa picha ku ukuta. Batu banakuona na banapita.

Kesho nilikoroga, ikashika mbio, ikakatika. Siku nyingine vile vile. Siku moja moja ilifaulu, na bakasema Maman Cibalonza aliombea ile ndoo. Maman Faida alianza kutafuta sababu. Kwanza ni juu mi ni muprotestanti, Bikira haangalie ndoo yangu. Kisha ni juu nilikula kitunguu. Siku moja aliniuliza na sauti ya chorale nzima:

— Nsimire, uko mu siku zako?

Mbele ya mwanaume mwenye alileta mawese! Yule papa alianza kuangalia mawingu. Mi nilitamani kuingia mu bido na kufunga mufuniko.

— Siko, Maman.

— Basi ni nini?

— Sijue.

Nilibadirisha mukono, nikakoroga na kushoto. Nilikoroga nikiimba, nilikoroga nikinyamaza. Nilikoroga mbio zaidi, juu mi ni mi. Ikashika mbio zaidi.

Mwishowe Maman Cibalonza aliniita, hakufoka. Hakuwa mutu mubaya, muandike ile mu kichwa. Alisema:

— Mwanangu, hauna kosa. Mukono ni mukono. Kuko kazi yenye haitaki mukono ya kukoroga.

Akanipa chumba ya kukausha. Na ndoo ya asubuhi bakaiacha kabisa. Bakakoroga paka ile moja tu, ya kisha misa. Na sabuni ikapona! Haikukatika tena. Nani angebisha? Hata mi niliacha kubisha. Niliamini. Ile njo mubaya kuliko kiwiko: niliamini.

Chumba ya kukausha iko nyuma, dirisha moja, mbao kwa mbao mupaka ku dari, na sabuni imepangwa kama batu ku hema ya matanga. Kazi ni kutoa sabuni mu visanduku, kuikata na waya, kuipanga, kuigeuza, kungoja. Mi, kungoja! Kupitia ukuta nilisikia Maman Faida anachekesha, Maman Cibalonza anakohoa juu ya kucheka, na sikusikia maneno, paka mwisho ya kicheko tu. Kuna wakati nilicheka nayo, peke yangu, bila kujua juu ya nini. Nilianza kuongea na sabuni. Niliziuliza mulilala aje, kuna mwenye ako na tatizo?

Na zilikuwa na matatizo. Kule njo nilijifunza kazi, basi Neema, shika hii, hata kama habatakutuma kule.

Ukiona unga nyeupe juu ya sabuni, usipige kelele kama ni kuvu. Ni hewa iligusa sabuni changa. Funika kisanduku vizuri siku ya kwanza. Kama imekwisha kuingia, pangusa na kitambaa ya maji, inatoka.

Ukikata na waya na sabuni inajifunga ku waya kama mboga ya sombe ku kijiko, maji ilikuwa mingi. Usiitupe. Ngoja tu. (Najua. Mi pia ile neno inaniuma.)

Ukiona madoa ya rangi ya chungwa yenye inanuka mafuta ya zamani, mawese ilikuwa muzee, ao bido haikuoshwa mbele ya kumwangiwa mupya. Nusa bido mbele ya kulipa. Muuzaji akikasirika, nusa tena.

Ikipasuka juu katikati kama mukate, ilipata joto mingi. Maman Faida aliifunika siku ya baridi na blanketi mbili, kama mutoto wa malaria, na ikavimba ikatoka mu kisanduku. Alisema ilifufuka.

Na ile ya ulimi. Kisha sabuni imekauka, lowesha kidole, gusa sabuni, gusa ulimi. Kama inapiga kama courant ya umeme ku betri, soude ingali inaishi mule ndani, usiuzishe. Siku moja soude ilifika ingine, ya punje ndogo ya duara, na ile ya zamani ilikuwa ya majani-majani, vipande bapa. Kopo ni ile ile, lakini punje zinajipanga vizuri mu kopo, zinaingia mingi. Tulipima vile tunapimaka. Sabuni ilikuwa muzuri kwa macho, ngumu, ya kung'aa. Iliniuma ulimi mupaka nikatema mate. Nilienda ku mulango, nikasema:

— Maman, hii inapiga.

— Inapiga kidogo ao sana?

— Jaribu mwenyewe.

Alijaribu. Aliruka. Lakini kisanduku ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda ku kisiwa ya Idjwi, na ilirudi na mutumbwi, na maneno ya bamama benye ngozi ya mikono ilitoka. Maman Cibalonza alienda yeye mwenyewe kule kuomba musamaha, na kurudi akanunua balance, mizani ya kupimia. Tangu ile siku kopo ya tomate tunawekamo maua.

Ile ilikuwa kazi yangu: kuonja sabuni. Diplôme yangu na ulimi yangu, mu chumba moja.

Kifua ilianza kunibana pole pole. Dirisha moja ni kidogo, na vumbi ya ile unga nyeupe nilikuwa naipangusa kila siku bila kitambaa ku pua. Vaa kitambaa ku pua, Neema. Nikikohoa sana, Maman Cibalonza alikuwa analeta tangawizi ya moto mu kikombe, na sukari mingi, vile napenda. Alijua napenda vile. Aliiweka ku kizingiti, akagonga ubao, akarudi. Hakunipa mu mukono. Nafikiri hakuna mutu mwenye alinitendea wema kama yule, na wema yake ilikuwa inafika paka ku kizingiti.

Kisha docteur, kisha sucré, kisha katoni. Nilitoa funguo mu mufuko, nikamupa Neema, mupya, mwenye alikuwa ndiyo amefika ile wiki. Na hii mwezi, juu commande ya banunuzi iliongezeka, bakarudisha ndoo ya asubuhi.

Nikakuja mu hii chumba yangu. Kaka yangu iko Kamituga anachimba zahabu, simu yake inapita siku yenye inataka. Jirani yangu wa mulango ya pili alizaa mutoto wiki ile ile niliacha kazi. Aliniita nimubebe. Nilisema niko na kikohozi. Kikohozi nilikuwa nayo, lakini haikuwa ile. Niliangalia mikono yangu, nikaogopa. Yule mutoto sasa anatambaa mupaka ku mulango yangu, na mi nafunga mulango pole pole juu asifinywe vidole.

Bon. Narudi kwa Neema na ulizo yake: basi ni nini?

Alipotoka ile yenga, nilikaa na kitu moja mu kichwa. Neema ni mukatolike. Si mukatolike wa mucheko, ni wa chorale, sauti ya kwanza, na chapelet, rozari, mu mufuko ya tablier ya kazi. Basi Bikira anaangalia ndoo yake, na inakatika. Kitunguu hakule, inamuletea gaz mu tumbo. Yeye ni murefu, mi mufupi. Yeye ni mupole, kama maji mu tanki, mi unanijua. Tuko na nini moja, mi na ye? Nilihesabu mikono yetu, nguo yetu, kabila yetu. Nikapata kitu moja tu. Funguo.

Mwenye ako na funguo, hata mukatolike, njo anakoroga asubuhi.

Lakini asubuhi si kitu, nilijisemea. Asubuhi haigusake ndoo. Nikalala nayo vile.

Kesho yake, lundi, niliamuka kutengeneza maharagi. Mawese yangu inakaaka mu chupa ku dirisha. Asubuhi haimwangike; hapa Bukavu kila mama anajua ile, mawese inalala na baridi, inakuwa nzito na vipunje kama semoule ya uji, unaitoa na kijiko. Nimeitoa na kijiko maisha yangu yote. Niliweka mu kikombe, na juu maharagi ilikuwa haijaiva na mi siwezi kusimama bila kufanya kitu, nilianza kuikoroga. Nikapandisha kijiko. Tone likaanguka.

Likaandika mustari. Na mustari ikabaki.

Nilirudilia. Mustari. Mu kile kikombe hakukuwa soude. Hakukuwa maji. Hakukuwa sabuni. Ilikuwa mawese peke yake, na ilikuwa inashika mbio kuliko ndoo yoyote ya Maman Faida.

Nilikaa chini. Ku saruji, na kikombe mu mapaja. Kisha nikaiweka ku dirisha, nikasahau maharagi mupaka ikaungua. Jua ilipanda juu ya milima ya ngambo, ikaingia pole pole, na mawese ikaanza kuamuka: kwanza pembeni, kisha katikati, kisha yote, nyekundu ya kung'aa kama chai. Nikakoroga. Nikapandisha kijiko. Tone likaingia na kupotea. Hakuna mustari.

Leo, mardi, nilifanya tena, na ikafanya vile vile.

Basi njo ile, Neema. Ile mustari yetu ya asubuhi haikuwa sabuni. Ilikuwa baridi. Soude imelala usiku mu ndoo, mafuta imelala usiku ku mabati, unavichanganya vyote viwili vya baridi, mafuta inaganda zaidi, inakudanganya kama imeshika, na we unaimwanga. Mu kisanduku vinaachana, maji ku maji, mafuta ku mafuta. Kisha misa, jua imekwisha kupiga mabati, mafuta imeamuka, unakoroga mupaka nyonga inalia, na pale mustari ikikuja, ni ya kweli. Siku yangu moja moja yenye ilifaulu, nakumbuka sasa, nilichelewa kufungua. Na siku ya mvua ya mufululizo hatukukorogaka, tulifunga tu mapaketi, juu Maman alisema ni siku mubaya. Alikuwa karibu kabisa na jibu. Sabuni bila moto, alisema, na sisi tukasikia: sabuni bila joto. Ni vitu viwili.

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumuambia mutu. Nilipiga simu Kamituga, haikupita. Nilipiga Mumosho, mama alikuwa ku shamba. Nilisimama katikati ya chumba na kikombe ya mawese, miaka yangu ya kiwiko yote mu kikombe moja, na hakukuwa mutu wa kusema naye hata "kumbe."

Kukimbilia kwa Maman Cibalonza na maneno? Namujua. Atanipa kiti, atanipa chai, atasema: "Mwanangu, moto ni ya bugali." Hatachukua ile ku kinywa yangu. Lazima aione mu kisanduku. Na kisanduku inajibu paka mangaribi tu.

Kwa hiyo kesho, mercredi, mbele kengele ya misa ilie, niko ku mulango ya atelier. Nabeba mbabula yangu ku kichwa na makala mu kifuko, juu kule hakuna. Neema atafungua. Mi sitaingia, docteur alikataza. Nitakaa ku kizingiti, napajua pale, kuna ubao yenye ilichukua umbo yangu. Nitawasha moto inje, tutachemusha maji mu beseni, tutaweka bido mule mupaka mawese iamuke yote, hata ile ya chini kabisa, na ndoo ya soude tutaiweka karibu ipate vuguvugu. Kisha Neema atakoroga. Akiniambia imeshika, nitamuambia koroga tena. Nitakuwa mi, Nsimire, mwenye anamuambia mutu apunguze haraka.

Ataimwanga, atafunika. Maman Cibalonza na Maman Faida batarudi toka misa, batakuta mbabula mu kiwanja ya sabuni bila moto, na kutakuwa kelele. Nitaiacha ipite. Sitangoja mangaribi sabuni ijibu. Nitasimama, nitamupa Neema mukono, ya kuume, mbele yabo bote, niishike mupaka ajue mukono yake haina kosa. Kisha nitamunyoshea Maman Cibalonza mukono ile ile. Akiipokea, sawa. Akinipa kiwiko, nitaacha mukono yangu pale mu hewa, wazi, mbele ya kifua yake, hata kama ni mupaka kisanduku ifunuliwe.